Kompyuta za gari lako zinagombea njia moja: Hivi ndivyo zinavyopishana bila kugongana

Ni alfajiri, na ukungu bado umefunika milima ya Uluguru. Toyota Noah iliyosheheni kabichi, karoti na njegere inashuka kutoka Nyandira, Mgeta, kuelekea sokoni Morogoro mjini. Barabara ni nyembamba, kona ni kali, na usiku mvua imenyesha. Kabla ya kila kona dereva anapiga honi, kisha anasikiliza: kuna mwenzake anayepanda?

Akisikia honi ikijibu, mmoja atasubiri kwenye sehemu pana ili mwenzake apite. Wakiingia konani wote kwa pamoja, itabidi mmoja arudi nyuma. Muda unapotea, na pembeni ni korongo.

Wakati huohuo, ndani ya gari hilohilo kuna msongamano mwingine ambao dereva hauoni. Kompyuta ya breki inataka kutangaza kwamba tairi la nyuma limeanza kuteleza. Kompyuta ya injini inataka kusema injini inazunguka kwa kasi gani. Ile ya kiyoyozi nayo ina taarifa ya joto. Zote zinatumia njia moja tu: nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja.

Zikianza kusema kwa wakati mmoja, nani anapishwa?

Jibu linagusa usalama wa aliyemo ndani ya gari. Linagusa pia mfuko wa mwenye gari, maana njia hiyo ikipata hitilafu, taa za dashibodi huwaka kwa mpigo, na wengi huishia kununua vifaa ambavyo vya kwao vilikuwa vizima.

Kwa nini nyaya mbili tu?

Kwenye gari la zamani mambo yalikuwa mepesi: swichi moja, waya mmoja, taa moja. Ukiongeza kifaa, unaongeza waya.

Shida ilianza magari yalipojaa vifaa vya kielektroniki. Injini ilipata kompyuta yake, breki yake, giaboksi yake, mikoba ya hewa yake. Kila kompyuta ilihitaji kuzungumza na nyingine, na mafungu ya nyaya yakawa mazito, ya gharama, na magumu kutengeneza.

Mwaka 1983 wahandisi wa kampuni ya Bosch ya Ujerumani walianza kutafuta dawa. Februari 1986, katika mkutano wa wahandisi wa magari mjini Detroit, Marekani, waliwasilisha mfumo unaojulikana kwa herufi tatu: CAN. Mwaka 1991 Mercedes-Benz S-Class ikawa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa yakiwa nao, na mwaka 1993 ukaingizwa kwenye viwango vya kimataifa kwa namba ISO 11898.

Leo mfumo huo umo karibu kila gari la kisasa, yakiwemo mengi yanayoletwa Tanzania yakiwa yametumika kutoka Japani.

Wahandisi huita njia hiyo ya pamoja "basi". Jina limetokana na neno la Kilatini omnibus, yaani "kwa ajili ya wote", neno lilelile lililozaa jina la basi la abiria unalopanda pale Msamvu.

Wengi, mlango mmoja

Vifaa vingi vikitumia njia moja, kuna namna kadhaa za kuzuia vurugu.

Ya kwanza ni kuwa na mwenyekiti. Kifaa kimoja kinauliza vingine kwa zamu, na asiyeulizwa hasemi. Hakuna mgongano, lakini mwenye jambo la dharura lazima asubiri zamu yake. Na mwenyekiti akiharibika, kikao chote kimekwisha.

Ya pili ni ile ya Ethaneti, mfumo wa kuunganisha kompyuta za ofisini uliobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox, California. Katika Ethaneti ya waya wa pamoja, kifaa kinasikiliza kwanza. Njia ikiwa kimya, kinatuma. Vikituma viwili kwa pamoja, vyote vinagundua mgongano, vinaacha, kisha kila kimoja kinasubiri muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena. Vikigongana tena, muda wa kubahatisha unaongezwa. Baada ya majaribio 16, kifaa kinakata tamaa.

Ya tatu ni ya Wi-Fi. Kwa kawaida redio ikiwa inatuma, haiwezi kusikia sauti ya mwenzake anayetuma kwa masafa yaleyale. Kwa hiyo vifaa vinajitahidi kuukwepa mgongano kabla haujatokea: vinasikiliza, vinasubiri kidogo kwa kubahatisha, vinatuma, kisha vinangoja kujibiwa "nimepata".

Kwa kufungua picha kwenye simu, njia hizi zinatosha. Ujumbe ukichelewa, hakuna anayeumia.

Lakini tairi linaloteleza kwenye mteremko wa Mgeta haliwezi kuambiwa lisubiri muda wa kubahatisha. Hapo ndipo CAN inapofanya kitu tofauti.

Siri iko kwenye ngoma

Ili kuelewa, fikiria watu watatu wamekaa gizani, kila mmoja na ngoma yake. Wanatuma ujumbe kwa mapigo. Pigo ni sifuri. Kimya ni moja. Wote wanakwenda kwa mwendo mmoja, hatua kwa hatua.

Sasa, mmoja akipiga huku wenzake wawili wamekaa kimya, kila mtu atasikia nini? Atasikia pigo. Kimya cha watu wawili hakiwezi kufunika ngoma ya mmoja.

CAN inafanya kazi hivyohivyo. Njia ikiwa tulivu, nyaya zote mbili zinakaa kwenye volti 2.5 hivi. Hiyo ndiyo "moja", yaani kimya. Kifaa kikitaka kusema "sifuri", kinapandisha waya mmoja hadi volti 3.5 na kushusha mwingine hadi 1.5. Hilo ndilo pigo. Kikitokea kifaa kimoja tu cha kupiga, njia nzima inasoma sifuri.

Jambo la msingi ni hili: kila kifaa kinasikiliza njia huku chenyewe kikituma. Kikikaa kimya na kusikia pigo, kinajua papo hapo kwamba kuna mwenzake mwenye haki ya kupita.

Mchuano wa namba

Kila ujumbe wa CAN unaanza na namba yake ya utambulisho. Namba ndogo ina kipaumbele zaidi. Namba hiyo ni ya ujumbe, siyo ya kifaa, na vifaa viwili haviruhusiwi kutuma kwa namba moja.

Tuseme jumbe tatu zimeanza kwa wakati mmoja. Kwa urahisi tutumie tarakimu nne:

- Breki: 0 0 1 0
- Taa: 0 0 1 1
- Kiyoyozi: 0 1 1 0

Hatua ya kwanza, wote wanatuma 0. Hakuna tofauti, wanaendelea.

Hatua ya pili, breki na taa zinatuma 0, kiyoyozi kinatuma 1. Njia inasoma 0. Kiyoyozi kimetuma kimya lakini kimesikia pigo. Kinaacha hapohapo na kubaki msikilizaji.

Hatua ya tatu, breki na taa zote zinatuma 1. Njia ni 1. Zinaendelea.

Hatua ya nne, breki inatuma 0, taa zinatuma 1. Njia inasoma 0. Taa zinajiondoa.

Breki imeshinda. Na hapa ndipo penye uzuri wake: ujumbe wa breki haukuharibika hata kidogo, wala haukurudiwa. Mshindi hata hajui kwamba kulikuwa na mchuano, kwa sababu kila alichotuma ndicho alichosikia. Waliojiondoa wanangoja ujumbe huo uishe, kisha wanajaribu tena.

Namba za mfano huu ni za kuelezea tu. Katika magari halisi utambulisho una biti 11, zinazotoa namba 2,048, au biti 29 kwenye mfumo uliopanuliwa. Mtengenezaji wa gari ndiye anayepanga ujumbe upi upewe namba gani.

Yote hayo kwa muda gani?

Kasi inayotumika sana kwenye magari madogo ni biti 500,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, mchuano wote wa biti 11 unamalizika ndani ya sehemu 22 kati ya milioni za sekunde moja. Ujumbe mzima wenye baiti 8 za taarifa unachukua karibu robo ya milisekunde.

Kwa lugha ya barabarani: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husogea kama nusu sentimita tu katika muda huo.

Lakini njia hii ina sharti lake. Ili mchuano uwe wa haki, pigo la kifaa cha mwisho lazima lifike kwa kifaa cha kwanza kabla biti moja haijaisha. Ndiyo maana kasi ikiongezeka, urefu wa waya lazima upungue. Kwa biti milioni moja kwa sekunde, waya hautakiwi kuzidi mita 40 hivi. Kwa gari, hiyo inatosha na kubaki.

Malori nayo yana foleni yake

Malori makubwa yanayopita Morogoro kuelekea Iringa, Mbeya hadi Zambia mengi hutumia aina ya CAN iitwayo J1939. Mara nyingi kasi yake ni biti 250,000 kwa sekunde, na namba ya ujumbe ina biti 29.

Biti tatu za mwanzo zimetengwa kwa ajili ya kipaumbele tu, kuanzia 0 hadi 7. Sifuri ndiyo ya juu kabisa. Kwa kawaida jumbe za kuamrisha, kama ile inayoiagiza breki ya injini ifanye kazi, hupewa 3. Taarifa za kawaida, kama joto la maji, hupewa 6.

Kwa hiyo lori likiwa linashuka mteremko wa Kitonga na mzigo wake, amri ya kulizuia haipangi foleni moja na taarifa ya joto la maji. Zikianza pamoja, amri inapita kwanza.

Kifaa kikichanganyikiwa

Kupishana ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukabiliana na makosa, kwa mfano waya uliolegea au unyevu kwenye soketi.

Kila ujumbe una hesabu ya uhakiki mwishoni mwake. Vifaa vyote vinaipiga upya. Kifaa chochote kikigundua kosa, kinatuma mapigo sita mfululizo. Hiyo ni kelele ya makusudi, kwa sababu katika ujumbe wa kawaida hakuna biti zaidi ya tano zinazofanana zinazoruhusiwa kufuatana. Wote wanautupa ujumbe ule, na mtumaji anaurudia.

Je, kama mkosaji ni mtumaji mwenyewe, na kila mara anaharibu? CAN imeweka adabu hapo. Kila kifaa kinajihesabia makosa. Kosa la kutuma kwa kawaida linaongeza pointi 8, na ujumbe ukifika salama inapungua pointi 1. Pointi zikizidi 127, kifaa kinapoteza haki ya kukatisha mazungumzo ya wengine. Zikizidi 255, kinajitoa kabisa kwenye njia.

Ni kama kikao cha kijiji ambako anayevuruga kila mara anatoka nje mwenyewe ili wengine waendelee. Kikitaka kurudi, lazima kianzishwe upya na kwanza kisikilize utulivu wa njia kwa muda uliowekwa.

Hapa ndipo pesa zinapopotea

Sasa rudi kwenye dashibodi. Asubuhi moja unawasha gari na taa ya ABS inawaka. Ya injini nayo. Sindano ya spidi imelala, kwa sababu kwenye magari mengi taarifa ya mwendo hupitia kompyuta ya ABS.

Breki zenyewe bado zipo: kwenye magari mengi kanyagio linasukuma mafuta ya breki kwa mfumo wake, bila kusubiri ujumbe wa CAN. Lakini msaada wa kuzuia tairi lisijifunge huenda umezimika. Kwenye lami kavu ya mjini unaweza usione tofauti. Kwenye tope la kushuka kutoka Mgeta au Kinole utaiona, na utakuwa umechelewa.

Wengi wakifika gereji huambiwa "kontroli boksi imekufa" na kununua nyingine. Inaweza kuwa kweli. Lakini boksi linaweza kuwa zima na kosa likawa kwenye nyaya.

Dalili ya kwanza iko kwenye namba za hitilafu zinazosomwa na mashine ya kupimia gari. Namba inayoanza na P inahusu injini na giaboksi. C inahusu breki, usukani na sehemu za chini. B ni bodi. Inayoanza na U inahusu mawasiliano. Kwa mfano, U0100 ina maana kompyuta ya injini haisikiki kwenye njia, na U0121 ina maana ile ya ABS haisikiki. Haisikiki siyo lazima imekufa. Huenda waya wake umekatika tu.

Kuna kipimo rahisi pia. Kila mwisho wa njia ya CAN huwekwa kizuizi cha umeme cha ohm 120 ili mawimbi yasirudi nyuma kama mwangwi wa mlimani. Vizuizi viwili vikipimwa kwa pamoja vinatoa ohm 60. Gari likiwa limezimwa na betri imechomolewa, fundi anaweza kupima kati ya pini namba 6 na namba 14 kwenye soketi ya kupimia, ambayo mara nyingi ipo chini ya usukani.

- Karibu ohm 60: vizuizi vyote viwili vinaonekana.
- Karibu 120: upande mmoja umekatika.
- Karibu sifuri: nyaya mbili zimegusana.

Kwenye baadhi ya magari mapya soketi hiyo ipo nyuma ya kompyuta ya kati, hivyo kipimo hakioni njia yote. Fundi anayelijua gari husika atalizingatia hilo.

Maadui wa nyaya

Maji ndiyo adui wa kwanza, hasa wakati wa masika, unyevu unapoingia kwenye soketi na kuleta kutu. Wa pili ni panya. Morogoro inajulikana duniani kwa panya wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini pale Chuo Kikuu cha Sokoine, lakini wale wanaolala chini ya boneti hawajapitia mafunzo hayo, na maganda ya waya wanayatafuna.

Wa tatu ni mikono ya watu. Redio, alamu na vifaa vya kufuatilia gari wakati mwingine hufungwa kwa kukata na kuunga nyaya. Nyaya za CAN zimesokotwa kwa sababu: kelele ya umeme ikija, inazigusa zote mbili sawa, na vifaa vinasoma tofauti kati yake tu. Fundi akizisokotoa kwa urefu mkubwa au kuunga waya mrefu pembeni, anaidhoofisha kinga hiyo.

Kuna hatari nyingine. CAN ya asili haiulizi kitambulisho cha mtumaji. Ikisikia namba, inaamini. Mwaka 2015 watafiti wawili Marekani walionyesha kwamba wanaweza kuingia kwenye Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu na kutuma amri ndani ya gari. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa. Kifaa chochote kinachounganishwa na nyaya hizo kinapata nafasi ya kusema, kwa hiyo inafaa kujua nani amekifunga na kinafanya nini.

Kabla ya kupanda mlima

Taa nyingi zikiwaka kwa mpigo, hasa baada ya mvua kubwa au baada ya kufungiwa kifaa kipya, usikimbilie kununua boksi. Mwombe fundi asome namba za hitilafu na akuonyeshe kama zinaanza na U. Mwombe apime nyaya na kukagua soketi. Mweleze kilichofungwa karibuni.

Na kama taa ya ABS bado inawaka, kabichi zinaweza kusubiri siku moja huko Nyandira. Mteremko wa kurudi mjini hausubiri.